Maswali ya Wasomaji: Kioo Kipi cha Mashine ya Gemu Kinafaa Barazani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninaishi Mikindani, Mtwara. Mjomba wangu, ambaye ni baharia, anarudi likizo mwezi ujao na ameniambia nichague mashine moja ya gemu ya mkononi kati ya hizi tatu: Nintendo Switch OLED, Nintendo Switch 2 na Steam Deck OLED. Asubuhi hucheza barazani, na usiku chumbani, hasa umeme unapokatika. Muuzaji mmoja ameniambia nihesabu nukta (pikseli) za kioo tu, kwamba kioo chenye nukta nyingi ndicho bora. Je, ni kweli?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, nukta ni kipimo kimojawapo tu, na kwa jinsi unavyocheza wewe si kile cha kutangulizwa. Switch ya kwanza, ya mwaka 2017, ina kioo cha inchi 6.2, ile ya OLED, iliyotoka Oktoba 2021, ina kioo cha inchi 7, lakini zote mbili zina nukta 1280 kwa 720. Maana yake ni kwamba nukta za ile ya OLED zimetawanyika zaidi, takriban 210 kwa kila inchi dhidi ya 237, na hata hivyo ukiziwasha pamoja ni picha ya OLED itakayokuvuta.

Sababu ni namna kila kioo kinavyopata mwanga wake. Nyuma ya kioo cha LCD, kama kile cha Switch ya kwanza, kuna taa inayowaka muda wote, na kazi ya nukta ni kuuzuia mwanga huo au kuupitisha. Kwa kuwa kuzuia huko hakukamiliki, sehemu nyeusi ya picha hubaki na ukijivu, na ukijivu huo ndio utakaokusumbua chumbani umeme ukikatika. Katika OLED kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na inapotakiwa kuwa nyeusi huzimika kabisa, kwa hiyo gemu ya mapango au ya usiku huonekana kwa kina ambacho LCD ya kawaida haikifikii.

Switch 2, iliyotoka Juni 2025, imerudi kwenye LCD. Kioo chake ni kikubwa, inchi 7.9, kina nukta 1920 kwa 1080, na kinaweza kubadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde. Kwa gemu zilizotengenezwa kwa ajili yake, maandishi madogo husomeka vizuri kuliko kwenye hizo nyingine mbili, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayecheza saa nyingi. Lakini picha ya 720, kama ya gemu za Switch ya zamani, ikikuzwa ijaze 1080, kila nukta hulazimika kuenea kwenye nafasi ya nukta moja na nusu kwa upana na kwa urefu, na kingo hulainika. Hapo wingi wa nukta alioutaja muuzaji wako haukusaidii.

Barazani hali hubadilika, kwa sababu jua la saa nne likipiga maji ya ghuba na kurudi usoni pako, weusi wa OLED humezwa na mng'ao, na kinachobaki kushindana na jua ni ukali wa mwanga wa kioo. Steam Deck OLED, ya Novemba 2023, hufika niti 600 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga wa kioo) kwa picha za kawaida na hadi 1000 kwa gemu zenye HDR, yaani picha zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ilhali Steam Deck ya LCD ya mwaka 2022 iliishia niti 400. Ina inchi 7.4, nukta 1280 kwa 800, na hubadilisha picha hadi mara 90 kwa sekunde. Kwa kioo peke yake, na kwa baraza yako na chumba chako, mimi ningemwambia mjomba alete hiyo, na kama anaweza, ile yenye nafasi ya kuhifadhia gemu ya 1TB, kwa kuwa kioo chake kimechongwa ili kupunguza mng'ao. Fahamu tu kwamba ina uzito wa takriban gramu 640, dhidi ya 420 za Switch OLED, na kwamba gemu za Nintendo haziuzwi kwa ajili yake.

SWALI: Nimenunua Switch OLED iliyotumika. Fundi simu anataka kubandua plastiki iliyo juu ya kioo ndipo abandike kinga mpya. Nimruhusu?
Msomaji, Lindi

JIBU: Usimruhusu. Plastiki hiyo imewekwa kiwandani ili kioo kikivunjika vipande visitawanyike, na Nintendo yenyewe imeagiza isibanduliwe. Mwambie abandike kinga juu yake, baada ya kufuta vumbi lote.