Miguu 40 ya kushoto

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikipiga pasi sare za watu, kwa hiyo ukiona jibu limenyooka hapa na kujikunja pale, ujue sababu. Sisi hatujambo. Babako bado anabishana na jirani juu ya ule ua, na mvua imemsaidia jirani.

Umesema chuo kimekukabidhi wanafunzi wa mwaka wa mwisho uwatayarishe kwa mahojiano ya kazi. Ukawaketisha mmoja mmoja, ukajifanya mwajiri, na wote wakakujibu kama waliokaa usiku kucha wakikariri pamoja: ni wachapakazi, ni wavumilivu, wanaweza kufanya kazi chini ya presha. Ukiwauliza wameshindwa wapi, nusu wanasema hawajawahi kushindwa, na nusu wanasema udhaifu wao ni kupenda kazi kupita kiasi. Sasa unaniuliza mimi, fundi cherehani, kama uwaandikie majibu mazuri wayashike.

Usiwaandikie. Watayashika, na ndiyo itakuwa taabu yenyewe.

Nimeajiri vijana hapa Free Area miaka zaidi ya 20. Kijana akikaa kwenye ile stuli ya karibu na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, akaniambia yeye ni mbunifu, mimi huwa namwangalia vidole. "Mchapakazi" ni neno tu, halinipi pa kushika. Mwaka juzi walikuja wawili siku moja. Wa kwanza alileta sivii ya kurasa tatu, imechapishwa kwa rangi, na kila sifa njema iliyoko duniani alikuwa nayo. Wa pili alikuja na karatasi moja na cheti chake cha NITA, wale wa serikali wanaowapima mafundi, Gredi ya III. Nikamuuliza anaweza nini. Akasema, "Mama, ukosi wa shati nautia bila mtu kunisimamia. Zipu ile isiyoonekana, katika tano moja hunipinda pale chini, lakini huwa nimeshaiona na kuifumua kabla mteja hajaja." Nilimpa kazi chai yangu haijapoa. Cheti kilikuwa kimeshaniambia amepimwa akapita, ila ni mdomo wake ulioniambia zipu gani humpinda na wapi.

Kwa hiyo akija mwanafunzi wako wa umeme akisema ana ujuzi wa kutandaza nyaya, usimpongeze. Mwulize nyumba ilikuwa ya vyumba vingapi. Alifanya peke yake au alishika ngazi? Nani alikagua, na alipokagua alikuta nini? Maswali hayo yakiisha, sifa zitakuwa zimejisema zenyewe, na yeye hatakuwa na haja ya kuzitaja.

Yule msichana uliyenitajia ndiye aliyenikosesha usingizi. Umesema pale penye ujuzi aliandika "sina," na miaka miwili aliyokaa nje kwa kukosa karo akaiandika kama ndiyo kushindwa kwake. Kisha ukaniambia, kama jambo la kupita tu, kwamba miaka hiyo alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwa, na nyanyake huko ziwani na kuziuza soko la Kibuye. Mwanangu, umenishangaza wewe zaidi kuliko yeye. Mtu anayeuza omena anajua mzani wa gorogoro, lile kopo la kupimia, kwa macho. Anajua nani akopeshwe na nani aambiwe omena zimeisha huku zimejaa karaini. Anajua kuangalia wingu, maana omena zikinyeshewa kwenye nyavu zinaharibika, na zilizoharibika zinakwenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Mwulize kama ziliwahi kunyeshewa mikononi mwake. Lazima ziliwahi. Mwulize siku iliyofuata alifanya nini. Jibu hilo ndilo la kumpelekea mwajiri, hata kama anaomba kazi ya umeme, kwa sababu ndani yake kuna mali ya mtu, kuna hasara, na kuna akili ya asubuhi ya pili.

Na umwambie wazi kwamba kukosa karo si kushindwa kwake. Kulimpata. Akiulizwa miaka hiyo miwili alikuwa wapi, asijibu "nyumbani tu." Aseme alikuwa akiuza omena, na mengine yatafuata.

Halafu jambo la lugha, na hapa nafikiri mnawaonea watoto. Mahojiano ni ya Kiingereza, najua, huwezi kubadilisha hilo. Lakini kufikiri kusianzie kwenye Kiingereza. Waache kwanza wakisimulie kisa kwa lugha wanayogombania nayo bei, iwe Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya, mpaka kitoke chote na vumbi lake. Ndipo wakihamishe. Wakianzia kwenye Kiingereza wanaokota maneno ya matangazo ya kazi gazetini na kuyarudisha kwa mwenyewe.

Tena Kiswahili kina dawa ndogo hapo. Uliniambia mfumo huu wenu mpya wa CBET, wa kumpima mtu kwa anachoweza kufanya, haumwandikii mtu kwamba amefeli. Akikosa, anaandikiwa kuwa bado hajaweza. Nilicheka, maana sisi tulikuwa nalo siku zote. "Siwezi" ni mlango uliofungwa. "Sijaweza" ni mtu aliyesimama mlangoni. Waambie wapange kazi zao hivyo, kwa karatasi, bila aibu: hizi naweza, hizi naweza nikisimamiwa, hizi sijaweza. Mwajiri mwenye akili ataipenda hiyo karatasi kuliko sivii nzima, kwa sababu inamwonyesha Jumatatu amweke wapi.

Sasa kushindwa. Nitakupa changu, maana hukijui chote. Babako anakijua.

Kabla sijafungua kibanda changu nilifanya kazi kwenye karakana moja ya sare hapa mjini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba imefunguliwa milango na mafundi wanaachishwa kazi kila mwezi, kwa hiyo kila mtu alitembea kwa vidole. Kulikuwa na oda ya suruali 20 za kaki. Nikatandika kitambaa tabaka 20, vizuri kabisa, uso wa kila tabaka ukiangalia juu. Nikaweka pateni ya mguu wa mbele, nikachora kwa chaki. Nikaisogeza pembeni, nikachora tena. Nikakata. Kata yenyewe ilikuwa safi, hata msimamizi alisimama akaitazama.

Nilichosahau ni kuigeuza pateni mara ya pili. Nilipoanza kuvitenganisha vipande nikaona wa kushoto, na mwingine wa kushoto, na mwingine. Miguu 40, yote ya kushoto. Nilivipanga upya mara tatu, kama mtu anayehesabu pesa akitumaini zitaongezeka.

Kitambaa kilikatwa kwenye mshahara wangu miezi miwili, na kabla mwaka haujaisha nikaachishwa pamoja na wengine. Nilipokwenda kuomba kazi kwingine, mzee mwenye karakana akaniuliza ni kosa gani kubwa nimewahi kufanya. Shangazi yako alikuwa amenifundisha niseme, "Mimi huwa sipumziki mpaka kazi iishe." Nilifungua mdomo nikaliona jibu hilo halitoshi hata kwangu. Nikamwambia, "Nilikata miguu 40 ya kushoto." Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akafuta macho, akaniuliza neno moja: "Halafu?"

Nikatoa chaki mfukoni. Nikamwonyesha kwamba siku hizi sikati kabla sijaandika upande juu ya kila pateni, na kwa kuwa kulia na kushoto vyote vinaanza na K, mimi naandika LI na SH. Na nakata tabaka moja la mtihani, naliweka kwenye mwili wangu, ndipo naendelea. Hakuniuliza swali lingine.

Hiyo "halafu" ndiyo ukae nayo na wanafunzi wako. Wengi wakisimulia kosa huishia kwenye aibu, au huruka moja kwa moja hadi "nilijifunza kuwa makini." Makini ni nini? Makini haishikiki. Chaki inashikika. Mtoto akikwambia aliunguza kifaa huko alikokwenda kwa mazoezi ya kazini, mwulize sasa anapima nini kwanza kabla hajawasha. Kama hana jibu, basi kisa hicho hakijaiva, atafute kingine. Na asikitunge. Kisa cha kutunga hakina jibu la swali la pili, na sisi tunaoajiri tunaishi kwa swali la pili.

Yako mengine si ya kupeleka huko. Ugonjwa, msiba, ndoa ya wazazi, hayo ni ya nyumbani. Lawama za bosi wa zamani pia, hata kama alistahili. Aliyefukuzwa aseme alifukuzwa na kwa nini, sentensi mbili, anyamaze.

Na waandike mapema. Kile kitabu cha kila siku wanachojaza huko kwenye mazoezi, nimewahi kuvisaini vya vijana waliokuja kwangu, na kurasa zote zinafanana: "leo nilimsaidia fundi." Watake mstari mmoja zaidi kila Ijumaa: wiki hii niliharibu nini. Ukingoja wiki ya mahojiano watakuwa wamesahau, au watakuwa wameshakipamba.

Nakuuliza na wewe. Umewahi kuwaambia juu ya taa ya ngazi kwa shangazi yako? Ulikuwa muhula wa pili chuoni, ukajitolea, ukaziunganisha zile swichi mbili kwa mfululizo, ya juu na ya chini, ikawa taa haiwaki mpaka zote mbili zimewashwa. Mtu akizima juu akalala, wa chini anapapasa ukuta na swichi iko mkononi mwake. Shangazi alipanda ngazi hizo na tochi wiki tatu, hakutaka kukuvunja moyo. Nadhani hujawaambia. Wanakuona mwalimu mwenye kalamu mbili mfukoni, ndiyo maana wanakujibu kama kitabu. Anza wewe, uone kama hawatafungua midomo.

Ili usiende mikono mitupu, kuna kifurushi kitakuja kwa matatu ya kesho asubuhi, kitashushwa ofisini kwao pale stendi ya Kisumu. Nitakutumia nambari ya risiti dereva akiondoka. Ndani kuna unga wa wimbi wa mjukuu wangu, na kipande cha kaki kilichofifia. Ndicho cha mwisho kilichobaki. Vingine tulivigeuza mifuko na mishipi, na hiki nimekuwa nikifutia mafuta ya cherehani. Waonyeshe, wakishikeshike. Kisha ukirudishe mwezi ujao ukija, nina kazi nacho.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako