Friza ya chumba haishuki chini ya -8, na fundi kila akija anaongeza gesi

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza samaki na kuku kwa jumla hapa Tanga, nina friza ya chumba, ile ya kuingia ndani, zamani ilikuwa inakaa -18 bila shida yoyote ila sa hivi inagoma kwenye -8 na mchana inapanda mpaka -5. Fundi wangu kila akija anaongeza gesi, inatulia siku chache alafu inarudi palepale, na sasa ananiambia kompresa imechoka ninunue nyingine. Kule juu kwenye feni za ndani kumejaa barafu, na sakafuni chini yake pia. Nitoe hiyo hela au nisubiri?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Usinunue kompresa, subiri kwanza. Hiyo barafu uliyoitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, mimi ndo ningeanzia hapo.

Friza yoyote ya chumba lazima itengeneze barafu kwenye koili ya ndani, yaani yale mabomba ya ubaridi yaliyo kwenye feni, kwa sababu kila mlango ukifunguliwa hewa yenye unyevu inaingia, na hewa ya pwani unaijua ilivyo. Ndo maana kuna difrosti, yaani mashine inasimamisha ubaridi yenyewe, mara nyingi mara 3 au 4 kwa siku, hita zilizo ndani ya koili zinawaka kama nusu saa hivi, barafu inayeyuka, maji yanatoka kwa bomba. Sasa hita ikiungua au taima, ile saa inayopanga difrosti, ikikwama, barafu inaongezeka kidogo kidogo mpaka inaziba koili yote, feni zinazunguka ila upepo haupiti, ubaridi upo ndani ya barafu lakini samaki wako hawaupati. Na hapa ndo watu wanaliwa hela. Jaribu kumuuliza fundi wako, nahisi kila kabla ya kujaza gesi alikuwa anazima mashine na kuyeyusha ile barafu. Kama ni hivyo basi kilichokupa nafuu ya siku chache ni kuyeyusha, gesi imesingiziwa tu, tena gesi ikizidi inaipandishia kompresa presha na hapo ndo inachoka kweli.

Kwa hiyo kaitazame koili vizuri, unafungua lile bati la mbele umeme ukiwa umezimwa. Barafu ikiwa nene na imeenea kote, shida ni difrosti. Ikiwa theluji iko upande mmoja tu pale gesi inapoingilia na sehemu nyingine yote ni kavu, hapo sawa, ama gesi imepungua ama valvu inayopitisha gesi kwenda kwenye koili imeziba. Ila gesi haiishi kama mafuta ya gari, mfumo umefungwa, ikipungua maana yake inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja kwa povu la sabuni au kifaa anakuacha na ugonjwa uleule. Ukikuta mashine yako inatumia R404A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi tatu, inajazwa ikiwa kimiminika na inapimwa kwa mizani, siyo kukisia kwa kushika bomba kama lina baridi.

Kupima difrosti ni kazi ya dakika chache. Fundi anazungusha taima kwa mkono mpaka ifike muda wa difrosti, kompresa na feni zinatakiwa kusimama, alafu anaweka klampu mita, kile kifaa cha kubana waya na kusoma umeme unaopita, kwenye waya wa hita. Hita za wati 3000 kwenye umeme wa volti 230 zinavuta kama ampia 13, akisoma sifuri basi ama umeme haufiki ama hita zimekatika, akisoma nusu kuna moja imekufa. Baada ya difrosti feni zinachelewa kidogo kuwaka, usishtuke, zinasubiri koili ipoe kwanza zisije zikapuliza joto na matone ya maji. Na ile taima ya kuzunguka umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo difrosti uliyopanga alfajiri unakuta inafanyika saa sita mchana wateja wamejaa mlangoni. Airekebishe.

Barafu ya sakafuni inanionyesha bomba la kutolea maji limeganda. Lile bomba likiwa ndani ya friza lazima nalo liwe na hita yake, na ule mkunjo wake wa maji uwe nje kwenye joto.

Kuyeyusha barafu iliyopo, hamisha mzigo, zima, acha mlango wazi, mwagia maji ya uvuguvugu. Jamani msigonge kwa kisu wala bisibisi! Koili ikitoboka gesi yote inatoka na hapo gharama inakuwa kubwa kweli.

Mlango nao uangalie, bana karatasi kwenye raba ukiufunga, ikivutika bila kukaza raba imekwisha. Alafu kuna hili ambalo wauzaji wengi hawaambiwi, friza ya chumba nyingi zimetengenezwa kutunza mzigo ulioganda tayari, siyo kugandisha. Ukiingiza kilo 500 za samaki wa joto la nyuzi 28, kuwafikisha -18 kunahitaji kuondoa joto la kama yuniti 50 za umeme, mashine yenye uwezo wa kilowati 3 za ubaridi itahangaika karibu saa 17 hata kama haina kazi nyingine. Wapoze kwanza kwenye barafu, uingize kidogo kidogo.

Na mzigo uliopo sasa, samaki wakiwa bado wagumu wana barafu ndani unaweza kuwagandisha tena, ladha tu ndo itapungua. Ila jodari na vibua walioyeyuka wakakaa kwenye joto usiwauze kabisa, wanatengeneza histamini, sumu ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kugandisha tena, watu wataumwa.

SWALI: Fundi, mimi niko Mombasa nina bucha. Friza yangu inafanya vizuri usiku, ikifika mchana kompresa inazima yenyewe mpaka nibonyeze kile kitufe chekundu. Mashine ya nje nimeiweka kwenye kistoo nyuma isiibiwe. Shida ni nini?

JIBU: Ndugu yangu, ni hicho kistoo. Kondensa, ile koili ya mashine ya nje, inatoa joto nje, sasa ukiifungia inavuta tena lile joto lake, presha inapanda na swichi ya presha inaizima ili isiungue. Usiendelee kubonyeza kitufe tu. Toa mashine nje uizungushie kizimba cha nondo, upepo upite, kivuli kiwe juu, na osha mapezi ya kondensa kwa maji ya presha ndogo maana vumbi na chumvi ya bahari vinaziba haraka. Ikizima tena ikiwa nje na safi, fundi apime feni ya kondensa na volti za saa nane mchana, siyo za asubuhi.