Hamu ya Kununua Vyombo Imeniisha: Je, Muziki Nao Umeniisha?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pole na kazi ya kutusomea barua zetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Morogoro, nina umri wa miaka 38, na kwa miaka saba iliyopita karibu kila shilingi iliyobaki baada ya ada, kodi ya nyumba na chakula imeishia kwenye vyombo vya muziki. Nilianza na gitaa kavu nililouziwa na jirani aliyekuwa anahama, likiwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya mbao. Baadaye nikanunua gitaa la umeme, kinanda, maikrofoni mbili za studio, kadi ya sauti ya kuunganisha na kompyuta, spika za kusikilizia na pedali tano za kubadilisha sauti ya gitaa. Kioo cha kinanda hicho hadi leo hakijabanduliwa nailoni yake. Katika miaka yote hiyo nimemaliza nyimbo mbili.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu hamu hiyo ikatike. Video za watu wanaojaribu vyombo vipya nazipita bila kuzifungua, na rafiki yangu aliponipigia simu kutoka Kariakoo kunieleza kwamba ameona kadi ya sauti kwa bei nzuri, nilimshukuru nikaendelea kusahihisha madaftari. Mke wangu amefurahi, lakini mimi nina hofu. Nilipokuwa nikifikiria chombo kipya nilijiona mwanamuziki. Je, mapenzi yangu ya muziki yamekufa? Na vyombo hivi niviuze, au nisubiri hamu irudi? Siku hizi jioni hukaa tu barazani na lile gitaa la ufa, binti yangu wa miaka tisa akiimba, na hakuna zaidi.

Jina limehifadhiwa, Morogoro

JIBU

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi kwenye sentensi ya mwisho, ambayo umeiandika kana kwamba haina uzito. Umeniuliza kama mapenzi yako ya muziki yamekufa, kisha ukanieleza kwamba kila jioni unapiga gitaa na mtoto wako anaimba. Kwa miaka saba hamu ya kununua ilikaa jirani sana na hamu ya kupiga, hata ukashindwa kuzitofautisha, na sasa moja imeondoka, wewe unaililia kama kwamba zimeondoka zote mbili.

Ninalisema hili kwa sababu nilipita humo humo. Hali hii ni ya kawaida kiasi kwamba wapiga gitaa wa Marekani waliipa jina la ugonjwa tangu miaka ya 1990. Mimi ilinichukua muda mrefu kugundua saa inayonijia. Nilianza kuandika pembeni mwa daftari langu la nyimbo kila nilipojikuta nimeshika simu nikitazama bei za vyombo, na baada ya wiki kadhaa nilipofungua kurasa zile niliona kwamba alama karibu zote zilikuwa mahali pamoja: chini ya kiitikio, pale ambapo ubeti wa pili ulipaswa kuanza. Ubeti wa kwanza huja wenyewe na kiitikio huja kwa furaha, lakini ubeti wa pili hudai uwe na jambo la kusema, na hapo ndipo nilipokuwa nikiukimbia wimbo na kwenda dukani. Kununua huchukua saa moja na humpa mtu hisia ya kwamba amefanya kazi ya muziki siku hiyo. Wimbo waweza kuchukua miezi, na usikupe hisia yoyote hadi siku ya mwisho.

Umeandika pia kwamba ulipofikiria chombo kipya ulijiona mwanamuziki, na hapa nakuomba tutulie kidogo, kwa sababu wewe unaishi katika mji wa bendi ya Morogoro Jazz na wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, na unapaswa kujua vizuri kuliko mimi kwamba katika muziki wetu wa dansi kumiliki chombo hakukuwa kipimo cha mwanamuziki. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi nyingi zilikuwa mali ya chama, jeshi au shirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa na wapigaji ambao magitaa waliyopigia hayakuwa yao. Mpigaji alipohamia bendi nyingine aliliacha gitaa jukwaani, akaondoka na vidole vyake na masikio yake, na mashabiki wakamfuata kwa hivyo. Walipoingia kurekodi Radio Tanzania, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika mazoezini.

Mfano mwingine niupendao ni wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, huko Katanga nchini Kongo. Alikuwa na gitaa moja kavu, akilipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akiimba Kiswahili cha kwao, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza mtindo huo kwa kusikiliza santuri zake. Simaanishi kwamba uhaba una baraka, kwa kuwa najua wazee wetu wengi waliteseka na amplifaya zilizokuwa zikizima katikati ya onyesho, na hakuna anayepaswa kuyatamani mateso hayo. Ninachokitaka ukione ni kwamba ukisikiliza rekodi zile leo, sikio lako halitafuti chombo kilichokosekana.

Hata upande wa ufundi, ambao najua ndio uliokuvuta, chombo kipya mara nyingi hakigusi tatizo lililopo. Maikrofoni zako za studio, kama ni za aina inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, zimetengenezwa ili zinase kila kitu, kwa hiyo ukizisimamisha katika chumba chenye kuta tupu, sakafu ya saruji na bati juu, zitakurekodia mwangwi, jogoo wa jirani na bodaboda inayopita. Mtu husikia sauti imekuwa ya pipa, akaamua anunue maikrofoni ya bei kubwa zaidi, ambayo itamrekodia mwangwi ule ule kwa usafi zaidi. Egemeza godoro ukutani nyuma ya mwimbaji, tundika mablanketi mawili pembeni, msogeze awe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kisha sikiliza tena.

Kuhusu kuuza, usisubiri hamu irudi ndipo uamue. Gitaa la umeme libaki, kadi ya sauti ibaki, na maikrofoni moja inatosha kwa nyumba yenye mwimbaji mmoja. Kinanda ambacho hakijabanduliwa nailoni kimejieleza chenyewe. Kiuze, au kama kuna kwaya hapo jirani inayofanya mazoezi bila chombo, wape, maana kitapigwa kila wiki. Usitegemee kurudishiwa bei uliyonunulia, na hesabu hiyo ikikuuma, usiiongezee uchungu kwa kukiweka kinanda kabatini miaka mingine. Pedali utakazobaki nazo zitoe betri leo hii, kwa sababu betri iliyosahauliwa ndani huvuja na maji yake hula vyuma vya kupitishia umeme, nawe utakuja kudhani pedali imekufa.

Kuna kitu kimoja tu ambacho ningependa ukinunue, na kimetoka barazani kwako. Magitaa kavu mengi huja na nyuzi za chuma zinazoanza na namba 12 (namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko zote), ambazo huumiza vidole vya mtoto hata akibonyeza uzi mmoja tu. Kama yako ni hizo, tafuta seti inayoanza na namba 10, ambayo ni nyepesi na italipunguzia gitaa lenye ufa mvuto mkubwa wa nyuzi. Ukishazifunga, mpe binti yako gitaa alishike yeye wakati wewe unaimba, mfundishe kodi mbili za kuanzia, yaani zile sauti za nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja, kisha niandikie unieleze mmefika wapi na ubeti wa pili.