Nyumba yangu ilipigwa mnada. Je, nitapata mkopo mwingine?

SWALI: Miaka minne iliyopita nilishindwa kulipa marejesho kwa miezi saba, benki ikachukua nyumba yangu na kuiuza. Sasa nina kazi ya kudumu na nimeweka akiba. Nataka kuomba tena mkopo wa nyumba. Nianzie wapi? Na je, niseme yaliyotokea au ninyamaze mpaka waulize?

JIBU: Ndugu msomaji, usijaze fomu yoyote kwa sasa. Anza na benki ile ya zamani, uiulize kama deni lile limekwisha kweli. Wengi huamini kwamba nyumba ikishauzwa, hawadaiwi tena. Hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Tazama hesabu yenyewe. Tuseme ulikuwa unadaiwa 100. Ongeza riba ya kuchelewa 8, na gharama za wakili na dalali 6. Jumla ni 114. Mnada ukileta 90, bado kuna 24, na hizo zinaweza kuwa zinaendelea kuzaa riba huku barua zikipelekwa kwenye nyumba usiyoishi tena. Kwa hiyo omba kwa maandishi mchanganuo wa mauzo: bei, kila gharama, na tarehe. Ukikuta salio, jadilianeni kiasi cha kumalizia, lakini kabla hujatoa hela upate barua itakayosema kwamba ukilipa kiasi hicho, deni litafungwa na hutadaiwa salio lolote. Barua ya “tumepokea malipo yako” haitoshi, kwa sababu haisemi kama kilichobaki kimesamehewa.

Kama deni ni la miaka mingi, muone mwanasheria kabla ya kulipa hata kidogo. Kwa mfano, England na Wales mkopeshaji ana miaka 12 ya kudai mtaji wa mkopo wa nyumba (yaani kiasi kilichokopwa, bila riba) mahakamani, na miaka 6 kwa riba. Ukilipa sehemu au ukikiri deni kwa maandishi kabla muda huo haujaisha, hesabu inaweza kuanza upya.

Hatua ya pili ni kuchukua taarifa yako ya mikopo kutoka kila taasisi inayotunza rekodi hizo, kwa kuwa hazifanani. Zikague pole pole, hasa tarehe. Kuna siku uliyoanza kushindwa kulipa, siku nyumba ilipochukuliwa, siku ilipouzwa, na siku deni lilipofungwa. Mtu akiziandika kwa kuzichanganya, wewe ndiye unayeumia: doa lililopaswa kufutika mwaka huu linasogezwa mbele. Nchini Marekani rekodi ya namna hii hukaa miaka 7, Uingereza miaka 6. Kosa jingine la kawaida ni deni moja kuonekana mara mbili, kwa jina la benki na kwa jina la kampuni iliyolinunua. Pinga kwa maandishi na uambatishe nakala. Ila mtu akikuahidi kufuta taarifa ya kweli kwa malipo, mkimbie. Taarifa sahihi hainunuliwi ikatoweka.

Sasa suala la kusema au kunyamaza. Sema. Soma swali la fomu neno kwa neno, maana “katika miaka 6 iliyopita” si sawa na “umewahi”. Penye “umewahi”, jibu ni ndiyo hata kama rekodi imeshafutika. Benki iliyouza nyumba yako inaweza kubaki na jina lako kwenye mafaili yake kwa muda mrefu zaidi, na uongo kwenye fomu ya mkopo ni udanganyifu unaoweza kukufanya udaiwe mkopo wote kwa mkupuo. Ambatisha maelezo ya ukurasa mmoja yenye chanzo, tarehe na ushahidi, bila kulalamika. Kwa mfano: “Kampuni ilifunga Machi, nikakosa mshahara miezi tisa; barua ya kusitishwa kazi na mkataba wangu wa sasa vimeambatishwa.” Sentensi kama hiyo inamjibu afisa mikopo swali analojiuliza kimoyomoyo: je, lililosababisha lile bado lipo?

Kila mkopeshaji ana muda wake wa kusubiri, kwa hiyo uliza kabla ya kuomba. Marekani, Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hutaka miaka 7 baada ya nyumba kuchukuliwa, au 3 ukithibitisha dharura iliyo nje ya uwezo wako; mikopo yenye dhamana ya FHA, idara ya serikali inayodhamini mikopo ya nyumba, kwa kawaida hutaka miaka 3. Mtu aliyepoteza nyumba miaka minne iliyopita, kama wewe, anaweza kukataliwa mlango mmoja na kukaribishwa wa pili. Omba tathmini ya awali isiyoacha alama kwenye rekodi. Maombi matano ndani ya mwezi mmoja yanaweza kumfanya mkopeshaji wa sita akuone mtu aliyebanwa.

Tarajia kuombwa malipo ya awali makubwa kuliko ya wengine, na riba ya juu kidogo. Taarifa zako za benki za miezi sita ziwe safi: hakuna malipo yaliyorudishwa kwa kukosa salio, hakuna kamari.

SWALI: Je, mke wangu aombe peke yake, jina langu lisionekane?

JIBU: Anaweza, kama kipato chake pekee kinabeba marejesho. Lakini kama mna akaunti au mkopo wa pamoja, kule Uingereza kwa mfano rekodi zenu huunganishwa, na doa lako litaonekana hata kama haumo kwenye fomu. Ikiwa ni wewe utakayelipa, mwambieni mkopeshaji tangu mwanzo.