Chatu mgeni anajificha na hataki kula: mwongezee maficho, acha kumshika

Mkuu, nimekusoma. Umesema umenunua chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Una wiki ya pili naye hapo Leeds, anashinda kwenye kona, panya amemkataa mara mbili, na kila jioni unamtoa ili akuzoee. Tangi ni la kioo, liko sebuleni kando ya televisheni, na ndani kuna pango moja. Unauliza kama anaumwa.

Kwa maelezo hayo sioni ugonjwa, naona woga. Chatu hawa kwao ni Ghana, Togo, Benin na nchi za jirani, na mchana hujichimbia kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Kujificha ndiyo maisha yao. Nimewafuga kwa miaka, na kila mara naona watu wakihangaika kumtoa nyoka mafichoni wakati kinachotakiwa ni kumwongezea maficho.

Kwa hiyo kuanzia leo usimshike kabisa. Mpe wiki nzima bila kumgusa wala kumletea chakula. Badilisha maji, toa uchafu, funga. Baada ya hapo mjaribu na panya, na akishakula mara mbili tatu mfululizo ndipo ufikirie kumnyanyua. Najua inauma, umetoa hela yako na watoto wanataka kumwona. Lakini ukimtoa akiwa amejikunja, kichwa kakificha katikati, anachojifunza ni kwamba mkono ukiingia kuna hatari.

Pango moja halitoshi, weka mawili yanayofanana: moja upande wa joto, jingine upande wa baridi. Likiwa moja anachagua kati ya joto na usalama, na mara nyingi atachagua usalama. Utamkuta kalala penye baridi, na nyoka aliyepoa hameng'enyi chakula vizuri. Pango liwe la kumbana: akiingia, mgongo uguse dari na ubavu uguse ukuta. Yale makubwa ya kupendeza madukani hayamfai mtoto wa chatu. Hata bakuli la plastiki lisiloonyesha ndani, ukilipindua, ukakata mlango mmoja na kulainisha kingo, linafaa. Katikati ya tangi jaza magome na majani ya plastiki asilazimike kuvuka uwanja mtupu, na pande tatu za kioo zifunike kwa nje na karatasi nyeusi. Halafu lihamishe kutoka kwenye televisheni. Nyoka hana masikio ya nje, ila mtikisiko wa spika unamfikia mwilini.

Joto lipime, usikisie. Sehemu anapolala upande wa joto iwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 24 hadi 26. Thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, ni lazima hata kama muuzaji kakwambia vingine, kwa sababu mkeka wa joto usiodhibitiwa unaweza kumuunguza tumbo. Unyevu shikilia asilimia 60 hivi. Maganda ya nazi yaliyosagwa yanautunza vizuri.

Sasa panya, yule mfu wa kugandishwa. Unene wake usizidi unene wa tumbo la nyoka. Akishayeyuka barafu, mtie kwenye mfuko, mfuko uweke kwenye maji ya moto, kisha mkaushe na uhakikishe kichwa kina joto. Chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto, na panya wa baridi kwake si mawindo. Mpe usiku, taa zimezimwa, kwa koleo refu. Wangu huanza kwa kutoa ulimi ukingoni mwa pango, kisha pua, halafu anatulia tuli huku shingo ikijikunja taratibu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanamtikisa panya usoni pake, naye anarudi ndani. Mshikilie panya mlangoni, umsogeze kidogo tu. Akigoma, mwachie panya mbele ya pango uende kulala. Asubuhi ukimkuta panya hajaliwa, mtupe, na usijaribu tena kwa wiki nzima. Na ukiona macho yamekuwa ya bluu, anataka kujivua gamba, kula mara nyingi atakataa.

Chatu mkubwa anaweza kugoma kula miezi kadhaa akawa mzima, ila mdogo hana akiba hiyo. Ile wiki ya kutomgusa ikipita, mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, na kwa sasa hiyo tu ndiyo iwe sababu ya kumgusa. Uzito ukishuka mfululizo, au ukisikia anakoroma, anaachama, ana mapovu mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayetibu reptilia, usingoje ushauri wa hapa.

Mdau uliyeuliza kuhusu kufuga Nairobi: huko lazima kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Chatu wa porini mwache porini.

Mkuu, usiku huu pima joto pande zote mbili, chini pale anapolala, si ukutani. Tuwekee vipimo hapa pamoja na picha ya tangi zima, tuanzie hapo.