Maonyesho ya picha Mombasa: jibu kwa dada wa Kisauni aliyeuliza kuhusu meza ya 4,000

Salaam wanajukwaa. Dada wa Kisauni aliuliza juzi: ana picha 14 alizochora, zimeegemezwa ukutani chumbani kwake, ameona tangazo la soko la sanaa la wikendi, meza ni shilingi 4,000 kwa siku mbili, je, pesa hiyo itarudi? Wengi wamemwambia ajaribu bahati. Mimi nimekaa nyuma ya meza kama hiyo tangu 2012: Mama Ngina kando ya bahari, bustani za hoteli Bamburi na Diani, viwanja vya mikahawa Nyali, na mara mbili maonyesho ya kilimo uwanja wa Mkomani. Niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Dada yangu, kabla hujalipia meza, jiulize picha zako zitatundikwa ukuta wa nani. Mimi sikujiuliza hilo kwa miaka minane, na nililipa meza nyingi sana.

Nilichora nilichoona kinachukuliwa na wageni. Machweo, minazi, Wamasai watatu kwenye mstari, twiga. Twiga pekee niliowahi kuwaona kwa macho yangu ni wale wa bustani ya wanyama ya Haller Park, nao sikuwachora wao. Nilichora wale wa kwenye picha za wenzangu. Nikaiga pia michoro ya Tingatinga, kama walivyofanya wengi wa pwani. Namheshimu sana Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua hadibodi na rangi ya kung'aa ya kawaida, vitu ambavyo mtu wa kipato chake angeweza kuvipata, akatoa kitu ambacho hakikuwapo. Lakini ndege wangu walikuwa ndege wake, na kwenye meza ya jirani walikuwepo ndege hao hao. Mteja alipita kwetu sote akiuliza bei tu, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuuliza.

Halafu wageni wakakatika. Mei 2014 Uingereza ilipotoa tahadhari ya kusafiri Mombasa, kampuni za utalii ziliwarudisha wageni wao makwao, na bustani ya hoteli niliyokuwa nimelipia miezi mitatu ikabaki na wahudumu na paka. Nikavumilia, wakarudi kidogo kidogo. Ikaja 2020. Hoteli zikafunga milango, na Mei ya mwaka huo serikali ikaufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka. Nilikuwa na picha 31 nyumbani na hakuna hata moja ambayo jirani yangu angeitaka sebuleni kwake. Nilikaa nazo wiki kadhaa nikizitazama. Nakwambia kweli, hilo liliniuma kuliko kukosa pesa.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja wa Makadara. Alinipigia akaniuliza kama naweza kumchorea nyumba ya babake, ile yenye baraza mbili na mlango wa nakshi, ambayo ilishauzwa, ikavunjwa, pakapandishwa ghorofa. Picha aliyokuwa nayo ni moja, ya arusi, na nyumba inaonekana nusu nyuma ya watu. Nilikwenda kwake siku nne. Ananieleza rangi ya madirisha, mimi nachora kwa penseli, anasema hapana, baraza ya kulia ilikuwa fupi, babake alikuwa akikaa pale na mguu mmoja chini. Alilipa kwa M-Pesa mara tatu mpaka ikaisha. Siku nilipompelekea aliishika fremu kwa mikono miwili na hakusema neno. Tangu siku hiyo nachora mji huu kwa ajili ya watu wa mji huu, na wageni wakitaka, wanakaribishwa.

Sasa nikwambie kilichonipata kwenye meza ya kwanza baada ya hapo, Mama Ngina. Nilipeleka picha saba, kubwa yao ikiwa jahazi linaingia Bandari ya Kale. Alasiri akaja mzee wa miaka sabini hivi, kofia ya viua, kikoi, bakora mkono mmoja na mkono wa pili karatasi ya mihogo ya kukaanga. Akaisimamia ile picha muda mrefu. Nikamkaribisha, hakunijibu. Kisha akauliza, "Mwanangu, huu upepo wako watoka wapi?" Nikamwambia watoka baharini. Akanyoosha bakora, bila kuigusa picha. "Tanga limetuna kwenda kule. Bendera yapepea kuja huku. Si bendera hufuata upepo?"

Nilitazama nikaona. Nimesema methali hiyo tangu nikiwa mtoto, na bendera yangu nilikuwa nimeichora ikienda kinyume na tanga.

Hakuishia hapo. Alinionyesha foromali, yale magogo yaliyounganishwa yanayobeba tanga, akasema nimeifunga kwa kamba moja nyembamba na upepo wa kusi ukivuma itamwangukia mtu. Akanionyesha kwa mikono inavyopandishwa na wanaume wangapi wanavuta, na kamba ya demani, ile inayoshika tanga, inafungwa wapi. Alikuwa ameendesha majahazi Lamu na Pemba. Watu wakaanza kusimama. Kijana akauliza swali, mama mwenye watoto akauliza jingine, mzee akawa anajibu huku picha yangu yenye makosa ikiwa ubao wake. Ilipofika magharibi nilikuwa nimeuza picha tatu, zote kwa watu waliosimama kumsikiliza, na wote ni wa hapa hapa: wawili wa Mji wa Kale, mmoja wa Likoni.

Hicho ndicho meza inakupa ambacho mtandao haukupi. Kwenye simu mtu anabonyeza alama ya kupenda na kupita. Kwenye meza anayejua kitu hicho kuliko wewe anasimama mbele yako na kukwambia. Lakini hatasimama kama hukuchora kitu anachokijua. Hakuna aliyewahi kunisahihisha twiga.

Jambo jingine la hapa kwetu, nalo usilichukulie vibaya. Nyumba nyingi za Kiislamu hazitundiki picha ya kiumbe chenye roho, hasa chumba cha kuswalia. Nimeona wachoraji kutoka bara wakibishana na wateja juu ya hilo mezani. Usibishane, ni nyumba ya mtu na dini yake. Mimi mtu nikimweka namweka mbali, kama kivuli mwishoni mwa kichochoro. Na sioni kwamba sanaa yangu imepungua. Nimejifunza kuchora mwanga wa saa kumi kwenye ukuta wa chokaa, mlango ulioachwa wazi nusu, birika la kahawa na vikombe juu ya sinia. Nina picha ya makubadhi na ndara zimevuliwa mlangoni kwenye hitima, jozi kumi na moja, moja ya mtoto. Hakuna mtu ndani ya picha hiyo na kila anayeipita anajua ndani ya nyumba kuna nani. Nimeombwa kuichora upya mara tano, kila mara kwa mlango mwingine.

Kuhusu bei. Iandike kwenye kadi na uibandike kando ya picha, kwa sababu mtu wa hapa akiona hakuna bei hudhani ni ya mzungu na hupita. Picha yangu ya sentimita 60 kwa 80 hunigharimu kama shilingi 2,300: kitambaa, mbao, rangi, fundi wa fremu, nauli. Naiuza 9,000. Utaulizwa bei ya mwisho, jibu kwa adabu. Kupunguza mia tano kwa heshima ya mteja si neno. Lakini usiiteremshe mpaka 5,000 jioni kwa sababu ya hofu ya kurudi nayo nyumbani, maana aliyenunua asubuhi kwa 9,000 huenda ni shemeji yake huyu wa jioni. Mji wetu ni mdogo na habari zinafika. Mimi huwapa watu nafasi ya kulipa polepole: theluthi anatoa pale pale, naandika risiti, picha inabaki kwangu mpaka imalizike. Katika miaka minne ni wawili tu walioshindwa kumaliza, na wote walikuja kunieleza.

Nakuomba uzingatie sana joto na chumvi, maana hapa ndipo picha nzuri zinapoharibika. Mimi hutumia kitambaa cha marekani kutoka Barabara ya Biashara. Nakifua kwanza kirudi, nakikausha, ndipo nakiwamba kwenye fremu, kisha napaka rangi nyeupe ya msingi mara mbili. Usiwambe kwa pini za kawaida. Hewa ya bahari itazitia kutu, na kutu itatokeza upande wa mbele madoa ya rangi ya chai yasiyotoka. Tafuta misumari midogo ya shaba nyeupe au isiyoshika kutu. Wakati wa masika kitambaa hulegea, kwa hiyo mwambie fundi aache nafasi ya kabari kwenye pembe za fremu, utazigonga kidogo nacho kitakaza tena. Na picha zilizokaa sana nyuma ya kabati zitazame mgongo. Ukungu huanzia huko.

Rangi ya akriliki hulainika kwenye joto hata kama imekauka mwezi mzima. Niliwahi kupakia picha mbili uso kwa uso kwenye tuktuk kutoka Nyali saa saba mchana. Nilipozitenganisha, kipande cha anga cha moja kilibaki kwenye bahari ya nyingine. Sasa naweka karatasi ya kuokea keki katikati, hiyo haigandi. Mteja anayesafiri nayo, itoe kwenye fremu uikunje kwa mviringo rangi ikiwa upande wa nje, si wa ndani, uitie kwenye kipande cha paipu ya plastiki ya maji. Ikikunjwa rangi ndani hujibana na kuvunjika.

Na upepo. Meza ya Mama Ngina inatazama bahari kuu, na kuanzia Aprili hadi Septemba upepo wa kusi unaipiga moja kwa moja. Stendi za miguu mitatu zitaanguka zote. Mimi nafunga wavu wa waya kwenye nguzo za hema, natundika picha kwa kulabu, na chini naning'iniza mifuko ya mchanga.

Haki ya kunakili, kwa ufupi. Mfanyabiashara mmoja wa pwani ya kusini alininunulia picha moja, miezi michache baadaye nikaiona kwenye orodha ya vyakula vyake na kwenye mifuko anayouza. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba ameinunua, basi ni yake kwa kila kitu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haisemi hivyo: kuuza picha si kuuza haki ya kuinakili, na haki hiyo ni ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tulizungumza akanilipa. Tangu hapo risiti zangu zina mstari mmoja: haki ya kunakili picha hii imebaki kwa mchoraji.

Nikirudi kwako, dada. Usipeleke zote 14, meza itakuwa kama duka la mitumba. Chagua sita. Umesema nyingi ni za wanyama na mbili ni za Kisauni, ile ya wauza samaki jioni na ile ya matatu zimejipanga kwenye mvua. Anza na hizo mbili. Kama soko ni mwezi ujao una muda wa kuchora nne nyingine za huko huko unakoishi, maana Mji wa Kale tumeuchora sana sisi na wageni, Kisauni sijaiona kwenye ukuta wa mtu hata siku moja, na watu wake ni wengi na wanajenga nyumba. Meza tafuta mwenzako mgawane, 2,000 kila mmoja. Chukua daftari, kila anayesimama zaidi ya dakika mbili muulize anatoka mtaa gani na uandike alichosema juu ya picha, hata kama ni kukosoa. Oda zangu nyingi zimetoka kwenye daftari hilo, wiki mbili au tatu baada ya meza kufungwa.

Yule mzee wa bendera alirudi mwaka uliofuata na mjukuu wake anayefanya kazi bandarini. Nilikuwa nimefuta bendera na foromali nikazichora upya. Aliikagua tena kuanzia mlingotini mpaka kwenye usukani, akasema kamba moja bado imelegea, lakini ataondoka nayo hivyo hivyo. Mjukuu akalipa.

Ukishalipia meza andika hapa ni lini na wapi. Nikiwa mjini nitakuja na wavu wangu wa waya, una mita mbili, picha sita zitaenea.