Jibu: mukristo na mambo ya michezo
Yaya, uliuliza kama mukristo anaweza jifunza kitu kwa bachezaji ao ni mambo ya dunia tupu. Mi naona anaweza, tena mingi. Paulo mwenyewe aliandika juu ya mbio mu 1 Wakorinto 9, na karibu ya Korinto kulikuwa michezo ya Isthmia, njo maana bale batu balimusikia haraka; mu ile michezo mushindi alikuwa anavalishwa taji ya majani tu, majani! Huku Lubumbashi 2010 timu yetu ya mpira, Mazembe, ilifika finali ya dunia ya ma-klabu, siye tuliona golikipa wayo Kidiaba anaruka-ruka na makalio kwa furaha, lakini mazoezi yake ya kila siku hakuna mutu aliyapigia makofi. Sala pia iko vile. Mi nimepanga kuamuka saa kumi na moja kusali, lakini juma hii niliamuka mara mbili tu.